Imani ya Dereva

"Imani ya dereva huonekana kwenye breki." Mmeisikia mkacheka, mkauliza imani na breki zinajuana wapi. Basi chanzo chake ni hiki.

Mwaka ule wakubwa walileta mashindano ya magari huku kwetu, chini ya milima ya Taita. Wakafunga barabara ya vumbi kwa utepe tangu alfajiri, na mwananchi hakuulizwa. Mwananchi huulizwa wakati wa kura tu.

Asubuhi hiyo Mwakio na mkewe, Wakesho, walikuwa wakikata majani ya ng'ombe, nyoka aina ya moma akamuuma mama wa watu mguuni. Hospitali ilikuwa mbele, kule mashindano yalikoishia. Mwakio akambeba mkewe mgongoni hadi kwenye utepe, akamsihi msimamizi awaruhusu wapite na pikipiki. Msimamizi akauliza kwa simu ya upepo. Mkubwa wake, aliyekaa kivulini huko, akajibu kwamba wasubiri magari yaishe.

Mguu ulikuwa ukivimba. Majirani wakajipanga kando ya barabara, wakainua mikono. Gari la kwanza, lililoandikwa "Mungu Kwanza" mlangoni, likapita. La pili, "Yesu Ndiye Dereva", likawamwagia vumbi. Madereva walidhani wanashangiliwa, ndivyo walivyozoea. Mwakio alikuwa mzee wa kanisa, lakini hapo hakukumbuka hata sala moja.

La tatu lilikuwa la Idrisa, kijana wa Mombasa. Kabla ya kuondoka alitandika mkeka kando ya gari akaswali, wenzake wakamtania kwamba malaika hawakanyagi mafuta. Gari lake halikuandikwa dua yoyote. Ila aliona mikono imeinuliwa na hakuna hata mmoja anayerukaruka. Akakanyaga breki, gari likaserereka hadi ukingoni.

"Kuna nini, mzee?"

"Nyoka, mwanangu. Mke wangu."

Gari lile lina viti viwili tu. Cha pili ni cha Kilonzo, anayemsomea dereva kona zilizo mbele. Na gari likimwacha msomaji wake, limetolewa mashindanoni.

"Kwa hesabu ya saa tunaongoza, Idrisa," Kilonzo akasema, huku mikanda ameshaifungua.

"Najua. Shuka, ndugu yangu. Mwachie na kofia."

Msimamizi akaja mbio akisema ni marufuku. Shangazi yake Mwakio, bibi Mghoi, akamwambia, "Wewe kalinde utepe wako, baba, usije ukaibwa."

Gari likaondoka na Wakesho. Mwakio akaketi juu ya jiwe na Kilonzo. Magari mengine yakapita, Mwakio asiyaone. Mwishowe simu ya upepo ikakoroma. Msimamizi akasikiliza, uso ukamlegea.

"Amefika. Amedungwa dawa," akasema. "Sasa anagombana na nesi, hataki kulala."

Mwakio akacheka, akashindwa kuacha, machozi yakimtiririka. "Ndiye huyo," akasema. "Ni yeye kabisa."

Jioni wakubwa wakatoa hotuba wakijisifu kwa usalama, kombe wakampa mwingine. Idrisa hakuwepo hata kulitazama. Alikuwa hospitalini, anakunywa chai na Mwakio. Mzee akamuuliza kama haoni uchungu.

"Nilimwomba Mungu anifikishe," Idrisa akajibu. "Amenifikisha."

Vijana wa pikipiki wa kwetu walipokuja kumjulia hali mgonjwa, wakaanza kubishana ni dereva gani mcha Mungu zaidi, wakiyataja maandishi ya milangoni. Bibi Mghoi akawakata maneno.

"Mlangoni hata fundi rangi huandika," akasema. "Imani ya dereva huonekana kwenye breki."