Majina ya Watoto wa Wodi ya Wazazi
Hii isome mpaka mwisho, kisha mrushie yeyote anayefanya kazi na watu.

Katika hospitali moja ya wilaya, akina mama walikuwa na desturi ya kuwapa watoto wao wa kike jina la nesi aliyewazalisha. Miaka mingi jina lililotamba lilikuwa moja tu: Leokadia. Sista Leokadia alitembea wodini kifua mbele, na nani angemlaumu?

Akahamishiwa pale Sista Nasra, binti mpole, mwepesi wa kucheka. Haukupita muda, wodi ikajaa akina Nasra wachanga. Leokadia kijicho kikamkaa rohoni. Akisikia mama anambembeleza mwanawe, "Nasra, nyamaza," chai ilimtumbukia nyongo.

Mchana mmoja Nasra alikuwa anamkabidhi zamu, kitanda kwa kitanda kama ilivyo kawaida. Wakafika kwa Siwema, aliyejifungua asubuhi.

"Huyu naye binti yake ni Nasra," mama wa kitanda cha pili akasema kwa furaha.

Leokadia akavimba.

"Dada, huyu Siwema nina wasiwasi naye," Nasra akaanza. "Naona kama..."

"Wasiwasi wako ondoka nao! Mimi nazalisha tangu wewe unanyonya. Unataka kunifundisha kazi mbele za watu?"

Nasra akaenda kubadilisha nguo. Leokadia akakipita kile kitanda bila hata kukitazama, kwa hasira tu.

Siwema akaanza kuhisi khanga inalowa chini yake. Alifumbua mdomo aite, akamwona sista alivyokunja uso, akaufumba. Damu ikaendelea kutoka. Mpaka jirani yake alipomwona midomo imekuwa myeupe ndipo akapiga yowe.

Leokadia alikimbia. Nasra naye akatokea mbio, kiatu kimoja mguuni, maana roho ilikuwa imemkatalia kuondoka. Mmoja akakandamiza tumbo la uzazi, mwingine akatundika dripu, daktari akafika. Damu ikakatika. Siwema akapona, lakini kwa tundu la sindano.

Siwema alipopata nguvu, Leokadia alimwinamia.

"Mwanangu, kwa nini hukuniita?"

"Nilisikia ulivyomjibu mwenzako, sista. Nikasema, kama nesi anajibiwa hivi, mimi nitajibiwaje?"

Leokadia akamvutia shuka kifuani.

"Na siyo kwamba sikujui," Siwema akaendelea taratibu. "Binti yangu mkubwa yuko nyumbani, anaitwa Leokadia. Ni wewe uliyenizalisha. Ulinishika mkono mpaka mwisho, ndiyo maana nimerudi hapa hapa. Ila leo nilikuogopa."

Leokadia alikaa ukingoni mwa kitanda, akalia bila kujificha. Wivu wote ule, kumbe katika nyumba ile ile mtoto mmoja alikwisha kupewa jina lake!

Kesho yake, wakati wa kukabidhiana zamu, alisimama mbele ya akina mama wote.

"Nasra mdogo wangu, jana nilikukosea. Nisamehe. Sasa tuanze upya na Siwema. Ulikuwa unataka kuniambia nini?"

Funzo: Ukimfokea mwenzako mbele ya mgonjwa, umemziba mdomo na mgonjwa mwenyewe, na wivu wa kazini hauishii kwa unayemwonea, humfikia asiye na kosa kitandani.