Kibao Huomba, Njia Huamuru

"Kibao huomba, njia huamuru." Mmeisikia sokoni na sasa mnaniuliza ilikotoka. Haikutoka mbali. Ilizaliwa hapa hapa kwetu Ilolwa, mbele ya shule.

Zamani barabara yetu ilikuwa pana na imenyooka, hata watu wakitania kwamba ndege ingeweza kutua. Malori ya viazi yalipita yakivuma. Mwaka mmoja tukazika watoto wawili. Kikawekwa kibao cha mwendo, kikaongezwa kingine kikubwa zaidi, na madereva wakavipita vyote bila hata kuvipa salamu.

Barabara ilipojengwa upya, mhandisi aliyeletwa alikuwa Atupele, binti wa Mzee Mwaisaka. Mzee akatembea kifua mbele. Kisha akaiona kazi yenyewe, akanywea. Mbele ya shule binti alikuwa ameibana njia, akaipinda kidogo, akapanda miti kandokando, na pale wanapovuka watoto akainua lami.

"Mwanao amesomea vichochoro," wakamcheka kilabuni. Wakakata shauri kwamba njia ipanuliwe, na wa kwenda kumwambia mhandisi awe baba yake mwenyewe. Mzee aliona haya, lakini akaenda.

Alimkuta pale pale barabarani, watoto wakitoka shuleni.

"Mwanangu, watu wanataka njia yao pana."

"Baba, simama nami kidogo tu. Ukiona haifai, mimi mwenyewe nitaomba ivunjwe."

Kabla hajajibu, lori likatokea mteremkoni. Kwenye usukani alikuwa Ambakisye, ambaye mji mzima ulimwita Kimbunga. Watoto walikuwa katikati ya njia. Mzee akafumba macho. Alipoyafumbua, lori lilikuwa limesimama, na watoto wanamalizia kuvuka huku wakimpungia dereva mkono.

Mzee akamsogelea. "Kimbunga, leo umekiona kibao?"

"Kibao kipi, mzee wangu? Kibao kinaomba tu. Njia ndiyo imeniamuru. Nilipoona imebana, mguu uliacha mafuta wenyewe."

Machozi yalimlenga Mzee Mwaisaka, wala hakuyaficha. Alirudi kilabuni kwa mwendo wa bwana harusi.

"Umemwambia?" wakamwuliza.

"Nimemwambia asiguse hata jiwe. Na njia hiyo mnayoicheka, aliyeijenga ni mwanangu, damu yangu. Viwekeni vibao mpaka mchoke. Kibao huomba, njia huamuru."