Soseji Zilizolala na Papai

Macho ni mepesi kuona kitu kilichokamilika, lakini ni mazito kuona kazi iliyokikamilisha. Wahenga walilitambua hilo, wakatuachia methali isemayo: ukiona vyaelea, vimeundwa. Shenaz aliijua methali hiyo tangu akiwa shuleni Mwanza, na aliwahi kusifiwa na mwalimu kwa kuieleza vizuri. Kuijua methali, hata hivyo, ni jambo moja. Kukutana nayo jikoni ni jambo jingine.

Shenaz aliishi Don Mills, Toronto, pamoja na mumewe Shamil na binti yao wa pekee, Aleena, aliyekuwa darasa la pili. Shuleni kwa Aleena, Alhamisi ilikuwa siku ya hotidogi. Wazazi wa kujitolea walipita madarasani na masanduku ya chakula cha moto, na watoto wakala mikate laini yenye soseji katikati, wakijipaka haradali na sosi ya nyanya hadi kwenye nyusi. Soseji hizo zilichanganywa na nyama ya nguruwe, na nyumbani kwa kina Aleena nguruwe haliwi. Kwa hiyo kila Alhamisi Aleena alihamia meza ya dirishani na kababu zake, akala taratibu kama mtu anayesubiri basi. Hakulia wala hakulalamika. Jioni moja tu alimwuliza mama yake, kwa Kiingereza kama kawaida yake ingawa Kiswahili alikielewa chote, kama kuna watu wanaozaliwa ili wasile hotidogi.

Swali hilo lilimkwama Shenaz kama mwiba wa sato kooni. Alimpakata mtoto wake akamwambia, "Siku yako ya kuzaliwa, alika darasa zima. Watakula hotidogi, na wewe utakula nao. Mama atazitengeneza mwenyewe."

Kesho yake Aleena alitangaza habari hiyo darasani. Watoto ambao hawakuwahi hata kumwuliza jina lake sasa walimwuliza anaishi jengo gani.

Jumapili iliyofuata familia ilikutana kwa chakula cha mchana. Alikuwapo Roshanara, dada yake Shamil, na mumewe Feroz. Hao wawili walikuwa na kiwanda kidogo cha soseji za ng'ombe za halali huko Richmond Hill, na siku za mechi waliuza hotidogi kwenye mkokoteni karibu na uwanja wa besiboli. Roshanara hakuwa mtu wa kujificha. Ubavuni mwa gari lake alichora soseji iliyovaa miwani ya jua, na alilipaki mahali ambapo hata kipofu angeliona.

"Wifi, nasikia una sherehe Jumamosi," alisema huku akijipakulia wali. "Niagizie mapema. Jumamosi hiyo timu ya Wamarekani inakuja na mashabiki wake. Na Mmarekani kukaa mpirani bila hotidogi ni sawa na sisi kwenda harusini tukakuta hakuna biriani."

"Ahsante wifi, zangu nitajitengenezea."

"Soseji?"

"Ndiyo, soseji. Kwani ni kitu gani? Nyama ya kusaga iliyovishwa soksi! Mimi nimechoma mishkaki tangu sijaolewa. Leo nishindwe na nyama iliyokwisha kutafunwa na mashine?"

Meza nzima iliangua kicheko. Feroz mwenyewe alicheka hadi mkewe alipomtupia jicho. Roshanara hakucheka.

"Haya, fundi," alisema. "Soksi ikikuchanikia, namba yangu unayo."

Ijumaa Shenaz alinunua nyama ya ng'ombe na utumbo wa kondoo uliosafishwa, akajifunga kanga kiunoni. Aliisaga nyama, akaitia kitunguu saumu, tangawizi, chumvi na pilipili manga. Kisha akatoa siri ya mishkaki ya kwao: papai bichi lililosagwa na maganda yake. Kwao Mwanza, nyama isiyolala na papai ilikuwa nyama ya kuandaliwa wageni wasiopendwa.

Shamil alichungulia bakuli. "Papai kwenye soseji, mama Aleena?"

"Kazi yako ni kula, baba Aleena. Kupika niachie mimi."

"Kwani nimesema nini?" Shamil akajiondokea kwenda kupuliza maputo.

Asubuhi ya Jumamosi Shenaz alifungua friji akiwa na furaha ya bibi arusi. Alianza kujaza utumbo. Nyama haikujaa, ilimiminika. Ilipita kwenye mrija kama uji, ikatokea upande wa pili, ikamwagikia meza. Aliifunga soseji moja kwa nguvu akaitumbukiza kwenye maji yaliyokuwa yakitokota. Ilipasuka papo hapo, na vilivyomo vikatawanyika majini. Nyingine aliikaanga; ikayeyukia kwenye kikaango, ikawa tope la kahawia lisilo na umbo. Nyama yote ilikuwa imekuwa rojorojo.

Shamil alikimbilia duka la halali la jirani. Ilikuwa wikiendi ya watu kuchoma nyama nje, na friza la soseji alilikuta tupu.

Aleena alisimama mlangoni mwa jiko katika gauni lake jipya. Aliitazama sufuria, kisha akamtazama mama yake. "Labda nitawaambia ni supu," alisema kwa Kiingereza chake, kwa sauti ya kumfariji mtu.

Kama mtoto angelia, Shenaz angejua la kufanya. Faraja ile ndiyo iliyomvunja. Aliona meza ya dirishani, na safari hii aliyemkalisha mtoto pale hakuwa shule, alikuwa yeye. Alipiga moyo konde, akachukua simu.

Roshanara alicheka kwanza. Alicheka hadi Shenaz akaisogeza simu mbali na sikio.

"Papai! Wifi yangu, papai linalainisha mshikaki kwa sababu linaila nyama. Kwenye pande zima la nyama linatafuna juu juu tu. Wewe umelisagia nyama, ukalilaza nayo usiku kucha! Kufikia alfajiri limeshiba na mikono limenawa."

"Niuzie zozote ulizo nazo, wifi. Watoto wanakuja saa kumi."

"Sina hata moja. Feroz amezibeba zote mpirani. Nina nyama, nina barafu na nina mikono miwili. Njoo na yako."

"Wifi, yale maneno yangu ya mezani..."

"Yaache huko huko mezani. Vaa soksi mbili, kiwandani kwangu kuna baridi."

Baridi ilikuwapo kweli. Roshanara alimkabidhi Shenaz aproni, akaitia nyama na mafuta ya ng'ombe kwenye mashine pamoja na barafu iliyopondwa. "Mafuta yakipata joto yanajitenga na nyama," alisema, "kama mke aliyechoka na maneno ya mawifi." Kisha akatia chumvi, maana chumvi ndiyo inayoifanya nyama inate, halafu kitunguu saumu, giligilani na paprika, ile pilipili nyekundu isiyowasha. Alimwambia Shenaz achote tonge, alibandike kiganjani na kukigeuza kiganja chini. Tonge lilianguka.

"Bado. Kanda."

Shenaz alikanda hadi vidole vikafa ganzi. Tonge likaanguka tena. Akakanda tena, macho yakimtoka machozi ya baridi, mpaka alipogeuza kiganja na nyama ikabaki imening'inia kama popo.

Soseji ya kwanza aliijaza kupita kiasi, ikapasuka. "Taratibu, hujazi gunia la mkaa!" Ya pili aliiachia hewa, na Roshanara akaitoboa kwa sindano. Walipozipika, maji hayakuruhusiwa kutokota. Yalitetemeka tu, na Roshanara alisimama juu ya sufuria kama mlinzi wa benki. Zilipoiva zilitumbukizwa kwenye maji ya barafu, ngozi zikajikaza.

"Unafanya hivi kila siku?" Shenaz aliuliza.

"Kila siku. Ila Idi."

Saa kumi watoto walijaa kwenye ua wa jengo. Aleena alikaa katikati yao, haradali ikiwa imemfika kwenye nyusi, akisimulia jambo kwa mikono yote miwili. Shenaz alimtazama kwa muda, kisha akaendelea kupasua mikate.

Dorotea, mama yake Elinaza anayesoma na Aleena, alikuwa mzaliwa wa Moshi na mwenye kicheko cha karibu. Alitafuna, akameza, akatikisa kichwa.

"Mama Aleena, tamu kweli! Ila wenzetu hawa wa Marekani wananichekesha. Mkate na kijisoseji, eti ndiyo chakula cha taifa! Hata mimi wiki ijayo nitajipikia. Kuna kazi gani hapa?"

Roshanara, aliyekuwa kwenye kiti chake na glasi ya sharubati, aliinua nyusi zote mbili akamtazama wifi yake. Shenaz alitazama vidole vyake, ambavyo bado vilikuwa vyekundu.

"Hakuna kazi, mama Elinaza," alisema. "Jumapili ukitoka kanisani, nitakupeleka Richmond Hill kwa wifi yangu. Vaa soksi mbili."

Roshanara alicheka hadi sharubati ikamwagika. Dorotea naye alicheka, japo hakujua anacheka nini.

Wakati huo Aleena alikuja mbio na sahani tupu. Nyuma yake walimfuata wenzake wawili, nao wakiwa na sahani zao.

"Mama, nyingine," alisema kwa Kiswahili.

Shenaz alichagua soseji iliyonona kuliko zote, akailaza kwenye mkate. Mtoto aliipokea akaondoka akikimbia, bila kujua nyama ile ilivyokandwa wala ganzi ya vidole iliyoishikanisha, na wala haikumpasa kujua. Aliyepaswa kujua alikuwa amekwisha kujua: ukiona vyaelea, vimeundwa.