Wimbo wa Kumtoa Mtoto Nje

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakifagia nyua zao na kukoroga uji kama sisi, Bi Kanga ndiye aliyezijua nyimbo zote za bonde. Wa kutwanga anao, wa kupalilia anao. Na ule wa kumtoa mtoto nje akitimiza siku arobaini, ndio usiseme. Kila penye shughuli aliitwa yeye, akapewa bakuli la kwanza la uji.

Kiboko alikuwa akimtazama tu. Wivu, wanangu, ulimkaba mpaka majani yakamshinda kumeza. "Kanga ana nini? Kijisauti kile! Mimi nikiguna tu, bwawa zima linatikisika."

Basi akamwendea kwa upole wa uongo. "Dada Kanga, umri umekwenda. Siku ukiondoka, nyimbo zetu zitapotea. Nifundishe, nizihifadhi."

Maskini Bi Kanga alifurahi, akamfundisha mwezi mzima. Siku walipomaliza, Kiboko akatangaza: "Kuanzia leo nyimbo ziko kwangu. Atakayeimba bila mimi, asije kunywa maji bwawani." Na mwenyewe haimbi! Alizikalia tu, ili Kanga asisifiwe tena.

Sasa, mke wa Pimbi alikuwa na mtoto wa siku thelathini na tisa. Bila wimbo mtoto hatolewi nje, na asipotolewa nje hapewi jina. Pimbi, mdogo vile, akashuka bwawani.

"Shikamoo, mjomba Kiboko. Kesho mwanangu anatimiza arobaini. Naomba wimbo."

"Nyimbo ziko kwenye hifadhi."

"Hata ubeti mmoja?"

"Zikiimbwaimbwa zinachakaa. Nenda zako."

Pimbi akajikuna sikio. "Haya. Nitakwenda kwa Ndovu, ng'ambo ya mto. Nasikia akiimba, watu wanalia."

Chubwi! Kiboko akainua kichwa. "Ndovu? Anaujua?"

"Beti tatu. Anasema wewe hujui hata mmoja."

"Mimi najua saba!" Akaanza hapo hapo: "Mgeni wa nyumba, jua linakuuliza..."

Nyimbo za bonde lile mmoja huanzisha, wengine huitikia, na Kiboko hakuwa na wa kumwitikia.

"Mbona haunogi?" akauliza.

"Waitikiaji, mjomba. Ndovu anao arobaini."

Macho yakamtoka. "Arobaini? Niletee mia! Kesho asubuhi, bonde zima, na watoto wao!"

Asubuhi wakajaa ukingoni. "Mgeni wa nyumba, jua linakuuliza!"

"Toka, mwana, toka!" Makofi pa, pa, pa.

Kila Kiboko alipomaliza beti saba, Pimbi alitikisa kichwa. "Kwa Ndovu wanaitikia kwa nguvu zaidi." Kiboko akarudia. Akarudia tena. Mara ya tano watoto walikuwa wakimtangulia maneno. Mara ya sita mke wa Pimbi akatoka na kichanga chake kwenye nyumba yao hapo juu, jua likampiga mtoto usoni, akapiga chafya. Akina mama wakapiga vigelegele.

"Ndovu amesikia?" Kiboko akahema.

"Ndovu gani, mjomba? Yule hajui hata kupiga mluzi."

Kiboko akatazama huku na huku. Watu walikuwa wameanza upya bila yeye, ubeti wa kwanza mpaka wa saba, hakuna aliyekosea.

"Nyamazeni! Nyimbo zangu hizo! Hamnywi maji!"

"Ulisema tusiimbe bila wewe," akasema Pimbi. "Si uko hapa?"

Kiboko akamgeukia mke wa Pimbi. "Na huyo mtoto, mmempa jina gani?" Moyoni alitumaini.

"Kanga," akajibu mama mtu. Na bakuli la kwanza la uji likapita mbele ya pua ya Kiboko, likaenda kwa Bi Kanga.

Chubwi! Akazama, akabakiza macho na matundu ya pua. Mpaka leo yumo humo, anachungulia nani anasifiwa.

Nanyi wanangu, anayetaka kuuhifadhi wimbo, awafundishe wenzake.