Mlango wa Makaa

Mpo, wanangu? Sogeeni.

Zimwi lilimfungia Mashavu pangoni, likamtupia mama yake kipande cha makaa. "Chora mlango mwambani. Ukifunguka, mchukue mwanao."

Mama akachora kwa rula. Haukufunguka. Akachora mwingine kando yake, akautia nakshi. Haukufunguka. Akachora wa tatu, mzuri kuliko yote. Wapi!

"Mama, fanya haraka!"

"Nafanya nini hapa, mwanangu? Napika?"

Akatupa rula kwa hasira, akachora kama alivyochora utotoni kwenye ukuta wa jikoni: mlango umepinda, kitasa kikubwa kama sufuria.

Zimwi likacheka. "Huo nao mlango?"

"Ndio huu niliochapwa kwa kuuchora!" Mama akakivuta kitasa. Mashavu akatoka mbio.

Hadithi yangu imekomea hapo. Zimwi bado linasukuma ile mitatu mizuri.