Mchai wa Mlangoni

Sogeeni karibu, nianze. Siku ya mwisho ya kawaida nyumbani kwa Ambakisye, mkewe Subilaga alionja chai aliyopika mumewe, akasema, "Baba Lugano, hii ni chai au asali?" Wakacheka. Kabla ya mvua zilizofuata, Subilaga alikuwa kaburini.

Aliacha mchai mmoja mlangoni, aliozoea kuupogoa kwa ajili ya chai ya wageni. Ambakisye hakuthubutu kuugusa. Mchai ukakua, ukakua, ukakua, wenzangu, hata ukapita paa, na zimwi likahamia kileleni.

"Usiikate nyumba yangu," likasema, "nami kila jioni nitakuonyesha mkeo."

Jioni ya kwanza Ambakisye alichemsha majani yake, na ndani ya mvuke akauona uso wa Subilaga. Alishindwa kunywa. Jioni ya pili alimwona hadi mabegani. Jioni ya tatu Subilaga alisimama mbele yake mzima, akinukia moshi wa jikoni. Akachukua kikombe, akaonja, akakunja uso.

"Chungu! Baba Lugano, mbona hukupogoa?"

"Nikipogoa sitakuona tena."

"Na wageni wangu watakunywa nini? Haya majani magumu kama ngozi?"

Mvuke ukaisha. Kikombe kilikuwa kimepungua funda moja.

Asubuhi Ambakisye alinoa panga, akaukata mchai usawa wa goti, zimwi likilia juu yake. Kisha akaosha vikombe vyote sita vya wageni, akavianika juani.