Jina la Binti wa Mwajabu

Nyamazeni kidogo, na nyie wa nyuma pia. Nina kisa, jibu lake sina, na mtu asinikatize.

Huko milima ya Usambara walikuwako wanawake watatu wa ukoo mmoja. Bi Mwanjaa, shangazi mtu, alijaliwa kumbukumbu. Sikitu, binti wa kaka yake, alijaliwa uvumilivu. Mwanaharusi, mdogo wake Sikitu, alijaliwa ulimi usioficha kitu. Na alikuwako Mwajabu, kitinda mimba, ambaye hao watatu walimpenda kuliko nafsi zao.

Katika ukoo huo wanawake walikufa wangali vijana, na kila msiba watu wakisema, "Kifua." Kifua, kifua! Wengine wakadai ugonjwa unafuata jina, wakaacha kuwapa watoto majina ya marehemu. Sikitu akapewa jina ambalo halijawahi kuitwa ukooni. Akaota uvimbe kwenye titi vilevile.

Bi Mwanjaa akasimama mbele ya kaka zake. "Mama yetu, dada zetu wawili, sasa Sikitu. Hicho si kifua, ni saratani ya matiti. Haifuati jina, inafuata damu yetu."

"Utatuaibisha! Nani ataposa kwetu tena?" wakafoka. Wakamtenga. Mpaka leo ukoo ukizika, yeye haitwi.

Sikitu aliyasikia maneno ya shangazi yake. Daktari wa mjini akasema ni vizuri kipimo cha urithi kianze kwa aliyekwisha kuugua. Safari ilikuwa ya siku nzima, naye hata kukaa hawezi.

"Pumzika, dada," Mwajabu akamsihi.

"Nitapumzika sana, usijali," Sikitu akacheka. Akaenda, akatoa damu. Majibu yalipofika alikuwa na wiki tatu kaburini. Yalisema kuna kasoro kwenye vinasaba, na baba aweza kumrithisha mtoto sawa na mama.

Mwanaharusi akapima, akakutwa nayo. Akakubali kutolewa matiti yote mawili angali mzima. Mumewe akamrudisha kwao na sanduku lake la nguo. Watu hawana haya!

Mwajabu yeye hakutaka kupima. "Namwachia Mungu," akasema. Mwanaharusi akafunga mlango, akavua blauzi.

"Tazama. Usigeuze uso! Sikitu nilimwosha kwa mikono hii. Wewe sikuoshi, Mwajabu, sina nguvu hiyo."

Mwajabu akaenda, analia njia nzima. Wakamkuta na kasoro ileile, na uvimbe mdogo kama punje ya choroko, ambao vidole visingeuona. Titi moja likatolewa. Akapona.

Miaka minne baadaye akajifungua binti. Na huyo ndiye wa mwisho, maana kasoro hiyo huleta saratani ya mifuko ya mayai pia, naye amekubali mifuko hiyo itolewe. Mumewe akamwambia, "Mpe mtoto jina la aliyekupa uhai."

Siku ya saba Bi Mwanjaa akaja. "Wanangu hawanisemeshi," akasema. "Jina langu halitamkwi nyumba yoyote. Lakini mpe jina la Sikitu. Mimi angalau niko hai."

"Sikitu hatasikia akiitwa," Mwanaharusi akasema. "Jamani, mimi nataka apewe langu. Sina mume, sina mtoto. Nataka nisikie jina langu likiitwa kwa upendo kabla sijafa. Nimekosea?"

Mwajabu akakumbuka usiku wa mwisho wa Sikitu, alivyomshika mkono akasema, "Usiache nisahauliwe." Hilo hajamwambia mtu.

Mtoto akalia. Mwajabu akampakata, akampa titi lililobaki. Kama huyo mtoto naye ameirithi kasoro, hakuna ajuaye, maana hapimwi mpaka awe mtu mzima. Daktari alisema ni nusu kwa nusu. Mwajabu akafungua mdomo amwite, machozi yakamtangulia.

Msiniambie apewe majina matatu, ukoo ule huita mtoto jina moja tu. Bila shangazi, Sikitu asingejua cha kupima. Bila Sikitu, kasoro isingejulikana. Bila Mwanaharusi, Mwajabu angekuwa kaburini. Wageni wameshakaa, wanangoja, na mtoto ananyonya hana jina.

Haya, wewe unayefuta macho hapo: ungemwita nani? Na wale wawili watakaokosa ungewatazamaje?